Nilivyoielewa stratigrafia ya sekwensi kwa kuutafuta ufuo

Kilichonisumbua katika somo hili, la kusoma matabaka ya miamba kwa kufuata jinsi ufuo ulivyosogea, ni majina, wala si miamba. Vitabu vingi huanza na rundo la istilahi: matabaka ya bahari iliyoshuka, ya bahari inayopanda, ya bahari iliyotulia juu. Ukizikariri utajibu mtihani, lakini ukiwekewa mezani mchoro wa vipimo vya kisima kilichochimbwa kutafuta mafuta au gesi unabaki kuukodolea macho. Basi nikaziweka kando, nikawa naliuliza kila tabaka swali moja tu: wakati linatandikwa, ufuo ulikuwa wapi?

Nilianza na ramani ya vina vya bahari yetu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamegandamana kuwa barafu, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Mkondo wa Unguja, yaani bahari iliyo kati yake na bara, haufiki kina hicho, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, huko Unguja, wamefukua hata mabaki ya punda milia. Pemba ilibaki kisiwa, maana mkondo wake unashuka mamia ya mita. Bahari ni ileile, lakini Unguja na Pemba hazikupata yaleyale. Kumbe usitazame kimo cha bahari peke yake. Sakafu nayo hutitia au huinuka, na mito huleta mchanga unaojaza nafasi iliyopo.

Halafu nikahamia Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walikochimba dinosaria kati ya 1909 na 1913. Watu huzungumzia mifupa. Mimi nilivutwa na mpangilio. Kuna matabaka matatu yenye dinosaria, na juu ya kila moja umelala mchanga wenye makombe ya baharini. Nilichora mstari wa ufuo ukienda na kurudi, kwa penseli ya rangi, na istilahi zile zikaanza kujipanga zenyewe.

Grafu ya gamma, yaani mstari unaoonyesha mionzi ya asili ya miamba ndani ya kisima, ikawa rahisi baada ya hapo. Tope hutoa mionzi mingi, mchanga safi kidogo. Mstari ukielekea kushoto, penye mionzi kidogo, taratibu kadiri unavyopanda, mchanga unaongezeka, ufuo unasogea kuelekea kisima kilipo. Ukiruka ghafla kulia, bahari imevamia, na tope lake huweza kuwa kifuniko cha gesi.

Hapo ndipo utafutaji wa mafuta na gesi unapoingia: mwamba mama unaoyazalisha, mwamba hifadhi unaoyabeba, kifuniko cha kuyazuia yasipande, mtego wa kuyakusanya, na vyote kwa wakati unaofaa. Songo Songo, eneo la gesi katika pwani ya kusini ya Tanzania lililogunduliwa 1974, ina gesi ndani ya mchanga wa mwanzo wa Kretasia, kipindi cha mwisho cha enzi ya dinosaria, na tangu 2004 gesi hiyo inazalisha umeme Dar es Salaam. Gesi ya bahari ya kina kirefu iliyogunduliwa kuanzia 2010 imo kwenye mchanga ulioporomoka mteremko wa bahari, aina ya mchanga ambayo mara nyingi humwagwa huko bahari inaposhuka.

Mara nyingi, si kila mara. Delta kama ya Rufiji inaweza kuusukuma ufuo mbele bila bahari kushuka hata kidogo, mradi mto ulete mchanga wa kutosha, na kwenye grafu ya kisima kimoja hali hizo mbili zinafanana sana. Siku hizi nikipewa kisima kimoja, kwanza naomba cha jirani, au picha ya mitetemo, yaani ya matabaka ya chini ya ardhi iliyopatikana kwa mawimbi ya mtetemo, inayopita kati ya visima hivyo.