Fyuzi ya Ampea 100 Iliyokaribia Kuniunguzia Gari

Gari langu ni Toyota IST, na nakiri tangu mwanzo kwamba gari la namna hiyo halihitaji sabufa mbili za inchi 12. Nilizitaka tu. Amplifaya niliinunua Kariakoo, ndani ya boksi lililoandikwa wati 1,800 kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji, na pamoja nayo nikachukua seti ya waya: waya mwekundu mnene kama kidole gumba, wenye fyuzi yake ya kioo ya ampea 60. Fundi alimaliza kazi kabla ya adhuhuri, akalipwa, tukaagana vizuri.

Fyuzi ile ilikatika siku ya tatu. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika baada ya wiki moja. Ya tatu haikumaliza hata safari ya kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi mjini. Nilirudi kwa fundi nikiwa nimenuna, naye akacheka kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Bosi, muziki wako mkubwa, fyuzi yako ndogo. Wati 1,800 hizo! Ngoja nikuwekee ya 100, hutanisumbua tena." Akafunga fyuzi bapa ya ampea 100 karibu na betri, na kweli sikumsumbua tena kwa takriban mwezi mzima. Huo ndio ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka napandwa na hasira, hasa kwa kuwa niliulipia.

Jumapili moja nilikuwa Barabara ya Kilwa, foleni imesimama karibu na Mtongani, shemeji yangu akiwa ameketi kando yangu. Alinusa, akanusa tena, kisha akasema, "Shemeji, humu ndani kuna mtu amesahau pasi." Mimi nikaisingizia daladala iliyokuwa mbele yetu. Moshi mwembamba ulipoanza kupanda kutoka chini ya kiti changu ndipo nilipozima gari, jambo ambalo halikusaidia chochote, kwa sababu waya wa amplifaya hutoka moja kwa moja kwenye betri na haujui kama umezungusha ufunguo au hukuzungusha. Nikafungua boneti. Kulegeza terminali ya betri ile kunahitaji spana namba 10, na kila mwenye gari anajua kwamba spana namba 10 ndiyo pekee isiyopatikana siku inapohitajika. Kijana mmoja wa bajaji ndiye aliyeniokoa: hakuuliza kitu, alichomoa spana kutoka chini ya kiti chake na kulegeza upande wa hasi kabla sijamaliza kueleza shida yangu. Fyuzi ya ampea 100 ilikuwa pale pale, nzima, inang'aa.

Nyumbani nilifumua zulia. Mguu wa kiti ulikuwa umeubana waya tangu siku ya kwanza, ganda likachanika, na shaba ikawa inagusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na upande wa hasi wa betri, kidogo kidogo, kila gari lilipoingia kwenye shimo. Mguso hafifu wa namna hiyo hauvuti umeme wote wa betri. Huvuta kiasi ambacho fyuzi ya 60 huona kimezidi, lakini ya 100 hukihesabu kuwa kazi ya kawaida, huku waya ukigeuka kuwa koili ya jiko. Kwa hiyo zile fyuzi tatu za mwanzo hazikuwa mbovu wala ndogo. Zilikuwa zikinieleza habari ya kiti, nami nikalipa fedha ili zinyamazishwe.

Nilipokata kipande cha waya wenyewe, nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Ule unene wa kidole gumba ulikuwa ganda tupu. Ndani mlikuwa na nyuzi zisizofikia unene wa penseli, na nilipozikwangua kwa wembe rangi ya shaba ikatoka, ikabaki nyeupe ya aluminiamu. Aluminiamu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwa makisio yangu waya ule haukustahili hata ampea 50. Fyuzi kubwa iliyo karibu na betri huwekwa kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya amplifaya, ambayo ina fyuzi zake yenyewe ubavuni.

Yangu ilikuwa na mbili za ampea 25, yaani 50 kwa jumla. Ukizidisha kwa volti 14 za gari lililowashwa unapata wati 700 zinazoingia, na kwa amplifaya ya aina yangu, ambayo karibu asilimia 40 ya umeme huishia kuwa joto, sauti inayotoka haiwezi kuzidi sana wati 400. Zile 1,800 za boksi zilikuwa hadithi. Siku hizi nikiingia dukani sisomi boksi. Naigeuza amplifaya na kuhesabu fyuzi.

Waya mpya niliununua kwa wauza vifaa vya kuchomelea, waya laini wa mashine ya weldingi wa milimita 16 za mraba, mita tano na ushei, baada ya kuukwangua kwa wembe mbele ya muuzaji ambaye hakufurahi hata kidogo. Ulinigharimu elfu hamsini na kitu. Unaweza kubeba ampea zaidi ya 80 bila kupata joto la kutisha, kwa hiyo fyuzi ya 60 ilikaa vizuri katikati: juu ya 50 za amplifaya, chini ya uwezo wa waya. Niliifunga shubiri mbili tu kutoka kwenye betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na mtu.

Nilitaka pia kupima. Jirani yangu, fundi wa viyoyozi, aliniazima mita ya kubana waya. Besi ikatikisa vioo, mita ikasoma sifuri. Nilihangaika nusu saa nikikaza nati zilizokwisha kukazwa, hadi mwenyewe alipokuja kuniambia kwamba mita yake inapima umeme wa nyumbani tu, si wa betri. Niliyoipata baadaye ilicheza kati ya ampea 15 na 25, na kuruka hadi 38 besi ilipopiga kwa nguvu.

Ile fyuzi ya 100 nilimrudishia fundi nikitaraji aone haya. Aliifuta vumbi kwa shati, akanishukuru, akaiweka kwenye droo kwa ajili ya mteja mwingine.