Madaraka ya Wananchi na Boma la Zahanati Yetu

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inaeleza kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, nao washirikishwe katika mipango ya maendeleo ya sehemu zao. Kila ninapoisoma hukumbuka kwamba nchi hii iliwahi kuishi bila halmashauri za wilaya. Zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, maamuzi yakawa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu, na hazikurejea kazini hadi mwaka 1984, baada ya kutungwa sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982.

Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza cha ibara hiyo ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Hayo ni madaraka makubwa mno kuachwa yapotee kwa sababu tu mkutano haukuitishwa.

Nayasema haya kwa uchungu. Katika kijiji nilichokulia tulichanga fedha, tukasomba mawe na mchanga, tukafyatua tofali za zahanati, na akina mama wakabeba maji ya ujenzi vichwani. Boma likafika kwenye lenta, kisha likasimama hivyo kwa misimu kadhaa ya mvua. Mkutano wa kila miezi mitatu haukuitishwa, na mapato na matumizi hayakusomwa wala kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, basi watu wakaacha kuchanga. Wapo waliowaita wavivu. Mimi nakataa, kwa kuwa ni watu wale wale waliosomba mawe yale bila kulipwa senti.

Fedha nayo ina neno lake. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ila fungu hilo hukua au kupungua kulingana na makusanyo, na mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato. Halmashauri iliyopungukiwa vyanzo vyake itawezaje kumalizia maboma ambayo wananchi wamekwisha kuyainua kwa mikono yao?

Mkutano wetu sasa umetangazwa. Nitasafiri kwenda kuhudhuria, na nitaomba daftari la michango ya zahanati lisomwe mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa, kabla hatujaombwa kuchangia mabati.