Leza ya kusukuma chombo bado sana, ya kufagia taka tuongee

Jana nimekesha napiga hesabu za leza na vyombo vya angani, nilianza kwa udadisi tu nikajikuta karatasi tatu zimejaa. Kisa ni hawa watu wanaosema leza itatupeleka kwenye nyota, utadhani ni suala la kutafuta taa kubwa.

Mwanga unasukuma, hilo halina ubishi, Wajapani walirusha chombo cha IKAROS mwaka 2010 ikiwa na tanga lake na jua likaisukuma kweli. Tatizo unasukuma kinyonge mno. Chukua leza ya gigawati 1, imulike kwenye kioo kinachorudisha mwanga wote, unapata nyutoni 6.7 basi, yani uzito wa kitu kisichofika hata kilo moja. Gigawati nzima jamani, umeme wa kinu cha nyuklia! Ndo maana wale wa Breakthrough Starshot, mradi wa kupeleka vyombo kwenye nyota kwa leza, mwaka 2016 walipiga hesabu ya gigawati 100 na chombo chenyewe cha gramu chache tu, kifike asilimia 20 ya kasi ya mwanga, nyota za jirani za Alpha Centauri miaka ishirini na kitu. Na kikifika hakisimami, kinapita zake.

Sasa njoo kwenye taka za angani, yani vipande vya setilaiti na roketi zilizokufa vinavyoizunguka dunia. Huku mwanga hausukumi wenyewe, unapiga kwa mipigo mifupi mikali, ngozi ya juu ya kipande inageuka mvuke, mvuke unafyatuka upande huu na kipande kinasukumwa upande ule, kumbe taka imekuwa roketi na mafuta ni mwili wake. Kwa wati zile zile msukumo unaongezeka mara maelfu. Na hukiunguzi chote, hapo wengi wanachanganya, unakipunguzia mwendo tu. Kipande kilicho kilomita 800 juu kinakimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde, ukikipunguzia mita 165 hivi kwa sekunde, upande wa pili wa mzunguko kinashuka mpaka kilomita 200 na hewa inamalizia kazi. Vinavyofaa zaidi ni vya sentimita 1 mpaka 10, vidogo kuvifuatilia ni shida na ngao za vyombo hazivizuii.

Kulenga ndo mtihani, maana hewa inatikisa mwanga, na hata ukiwa na kioo cha mita 10, umbali wa kilomita 1,000 doa lako ni kama sentimita 25, kubwa kuliko kipande chenyewe.

Halafu kuna siasa. Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 kipande kikifa bado kiko chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, huruhusiwi kukigusa kienyeji. Na leza inayoweza kusukuma taka si inaweza pia kupofusha setilaiti ya jirani? Nani atakuamini?

Mimi ningeanza na kile walichopendekeza watafiti wa Ames, kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 2011, leza ya kilowati 5 tu, huunguzi chochote, ule ule mwanga mnyonge unaegemea kipande siku kadhaa mpaka njia yake inahama kidogo na vipande viwili vinavyokaribia kugongana vinapishana.