Chatham, na picha nliyokuwa nayo kwenye simu

Jumapili nlimpitia dada yangu asubuhi tukatoka Washington tukashika barabara kuu ya I-95 kushuka Virginia, mwendo wa saa moja na kitu hivi tuko mji wa Fredericksburg, na safari yenyewe chanzo chake ni picha tu. Mpiga picha Frances Benjamin Johnston aliipiga bustani ya jumba la Chatham hapo mwaka 1927, ni slaidi ya kioo imepakwa rangi kwa mkono, na mi nlikuwa nimeisevu siku nyingi nikiamini kabisa hii ndo bustani ya miaka ya 1700.

Kumbe sivyo. Nyumba ndo ya zamani, William Fitzhugh aliijenga 1768 hadi 1771 juu ya kilima, mto Rappahannock uko chini na mji unauona ng'ambo. Bustani aliichora Ellen Biddle Shipman miaka ya 1920 baada ya familia ya Devore kuinunua nyumba na kuikarabati, na mama Devore mwenyewe ndo alimwita Johnston aje apige. Yani ile "zamani" nliyokuwa naipenda ilikuwa na miaka michache tu! Ila mwanga alivyoujua Johnston, nimesimama pale na simu mkononi najaribu kupata pembe yake na sikuipata. Kutoka hapo akaendelea na nyumba za mjini, 1929 akafanya maonyesho Maktaba ya Bunge la Marekani, halafu miaka ya 1930 akazunguka majimbo 9 ya Kusini kwa hela za shirika la Carnegie akipiga majengo ya zamani, picha zaidi ya 7,000.

Upande wa mtoni kuna miti ya katalpa mizee, ina uwazi ndani. Desemba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, nyumba ilikuwa hospitali ya vita, mshairi Walt Whitman alikuja kumtafuta ndugu yake akakuta chini ya mti rundo la miguu na mikono iliyokatwa. Nlinyamaza hapo muda mrefu.

Dada akanivuta kwenye jiko la matofali pembeni ya nyumba, akaniuliza, "Kaka, waliokuwa wanapika humu wako wapi kwenye picha yako?" Hawapo. Walikuwa watumwa, na ndo watumwa wa hapa Januari 1805 waligoma waliporudishwa kazini mapema baada ya Krismasi, wakamchapa msimamizi viboko, mmoja wao akauawa kwa hukumu, wawili wakafa wakijaribu kutoroka. Bustanini nlipiga picha labda arobaini, ila nliyoituma kwa mama usiku ni moja tu, mlango wa lile jiko, dada kasimama pembeni.