Namba Mbili Zinazofuatana: Tulivyoipata Leseni ya D

Warukaji wa miavuli nchini Marekani huzitaja namba za leseni zao kwa fahari, na mimi ni mmoja wao. Chama cha Parashuti cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama USPA, hutoa leseni za ngazi nne, yaani A, B, C na D, ya D ikiwa ndiyo ya juu kabisa, na kila ngazi ina mfuatano wake wa namba ulioanzia moja. Jarida la chama, Parachutist, lina desturi ya kuandika namba hiyo kando ya jina la mrukaji, kwa hiyo msomaji mzoefu akiona D yenye tarakimu tatu tu hutambua mara moja kwamba anasoma habari za mtu aliyeanza kuruka zamani sana. D-1 ni ya Lew Sanborn, na D-2 ni ya Jacques-André Istel, wawili walioshirikiana kuanzisha kituo cha kuruka cha Orange, Massachusetts, kilichofunguliwa mwaka 1959 na kuwafungulia raia wa kawaida mlango wa mchezo uliokuwa ukihusishwa zaidi na wanajeshi.

Nilipoanza kuikaribia leseni ya D, mfuatano wenyewe ulikuwa unaikaribia elfu nyingine kamili. Habari hiyo ilienea uwanjani kwetu kwa kasi ya ajabu. Watu waliokuwa wamekaa na miruko ya kutosha kwa miaka bila kujishughulisha na karatasi walianza kuyatafuta madaftari yao ya kuandikia miruko, na mazungumzo ya kwenye benchi la kukunjia miavuli yakawa ni ya nani atapeleka maombi lini. Wapo wanaoona kuwa shauku hiyo ni ya kitoto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Namba ya leseni haina tuzo ya fedha, wala haimfanyi mtu awe salama zaidi angani, lakini inamweka mahali pake katika safu moja isiyokatika tangu kwa Sanborn na Istel, na namba inayoishia na sifuri tatu huwafanya watu wote walio karibu nayo waikumbuke safu hiyo kwa pamoja. Mchezo wetu hauna viwanja vyenye watazamaji wengi. Sherehe zetu ni hizi.

Nilitaka namba hiyo ya elfu, na nilitaka vilevile jambo la pili ambalo halikupatana nalo kwa urahisi. Kulikuwa na mwenzangu mmoja tuliyeanza mafunzo karibu wakati mmoja, tukapata A katika msimu uleule baada ya ile miruko 25 inayotakiwa, na muhuri wa leseni tukagongwa kwenye paji la uso kama ilivyo desturi ya viwanja vingi. Tulipofikisha mruko wa mia moja, kila mmoja wetu alipakwa krimu usoni na marafiki waliokuwa wakitusubiri tulipotua. Tulikuwa tumeahidiana kuiomba D pamoja. Sasa kila mmoja alikuwa na upungufu wake, na upungufu wa mmoja haukufanana na wa mwingine.

Masharti ya D wakati tunaomba yalikuwa haya: uwe na leseni ya C, uwe umeruka mara 500, uwe umekusanya saa tatu za kuanguka huru, yaani muda wa kuanguka kabla ya kuufungua mwavuli, uwe umeruka usiku mara mbili baada ya kupata mafunzo yake, na ufaulu mtihani wa maandishi. Masharti ya kutua kwa shabaha tulikuwa tumeyamaliza katika ngazi za chini: B ilikuwa imetudai kutua ndani ya mita 10 kutoka katikati ya alama mara kumi, na C ikatudai kutua ndani ya mita mbili mara 25. Kwangu mimi C ndiyo iliyokuwa na sharti gumu kuliko yote, kwa sababu kutua ndani ya mita mbili humlazimu mtu kuusoma upepo tangu juu na kuupanga mzunguko wake mapema, na miguu ikikaribia kugusa ardhi hakuna tena kinachoweza kusahihishwa.

Mwenzangu alikuwa na miruko mingi kunizidi, lakini sekunde zake za kuanguka huru zilikuwa chache. Sababu ni aina ya kuruka aliyoipenda, ile ya kuunganisha miavuli iliyokwisha kufunguka ili warukaji wasimame juu ya miavuli ya wenzao na kushuka wakiwa mnara mmoja. Katika aina hiyo mtu hutoka kwenye ndege na kuufungua mwavuli wake baada ya sekunde chache tu. Mruko unahesabiwa, lakini muda hauongezeki. Saa tatu ni sekunde 10,800. Ukizigawa kwa miruko 500 unapata wastani wa sekunde zisizofika 22 kwa mruko, jambo ambalo kwa wengi wetu si tatizo kabisa, maana ukitoka kwenye mita 4,000 unapata takriban dakika nzima kabla ya kufungua. Kwake yeye lilikuwa pengo la kweli.

Tulikaa chini na daftari lake tukakokotoa upya, ukurasa baada ya ukurasa. Wapo waliomshauri avae suti ya mabawa, ambayo humwezesha mrukaji kubaki angani dakika mbili na zaidi kwa mruko mmoja, ili pengo lizibike upesi. Alikataa, na nilimuunga mkono kwa moyo wote. Suti ya mabawa ni fani yenye mafunzo yake na hatari zake, na haifai kuingiwa kwa sababu mtu anaikimbilia namba. Alichagua miruko ya kawaida ya kulala kifudifudi, tumbo likielekea ardhini, ambapo mwili huanguka kwa takriban kilomita 190 kwa saa. Wale wanaoanguka kichwa chini huenda kasi zaidi ya hapo na huwahi kufika kwenye mwinuko wa kufungulia, kwa hiyo mtindo huo usingemsaidia kukusanya muda. Nilijiunga naye katika sehemu kubwa ya miruko hiyo. Tulikuwa tukishikana mikono, tukiachana, tukigeuka na kushikana tena, na kila tulipotua aliandika sekunde zake kabla hata hajaukunja mwavuli.

Wakati huohuo namba za D zilikuwa zikisonga mbele. Kila toleo la jarida lilipofika tulitazama kwanza orodha ya waliopewa leseni, tukakadiria umbali uliobaki. Kwa upande wangu muda wa kuanguka huru ulikuwa umezidi kiwango, na kilichobaki kilikuwa miruko ya usiku na mtihani. Ningeweza kuimaliza peke yangu, nikapeleka maombi, na kujaribu bahati yangu kwenye ile elfu. Niliamua kumsubiri. Rafiki zangu kadhaa walinishangaa, kwa kuwa walijua jinsi nilivyokuwa nikiizungumzia namba hiyo, lakini kwangu uamuzi haukuwa mgumu: elfu ile ingenipa mahali pazuri katika safu bila mtu ninayemfahamu mbele yangu wala nyuma yangu.

Miruko ya usiku ndiyo sehemu ninayopenda zaidi kuisimulia. Kiwanja hakiandai usiku wa namna hiyo mara kwa mara, kwa sababu huhitaji rubani aliye tayari, anga safi, na kwa kawaida mwezi mkubwa. Mkufunzi alitukusanya kabla ya jua kuzama akatufundisha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alianza na macho. Jicho la mwanadamu huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza, na mwanga mkali wa sekunde moja huweza kuiharibu kazi hiyo yote, kwa hiyo tangu wakati ule hatukuruhusiwa kutazama taa za magari wala skrini za simu. Akafuata taa. Sheria ya anga ya Marekani inamtaka anayeruka usiku awe na taa inayoonekana kutoka umbali wa maili tatu, karibu kilomita tano, ikiwaka tangu mwavuli unapofunguka mpaka anapofika chini, ili marubani na warukaji wengine wamwone. Kipimo cha mwinuko nacho kilifungiwa kijiti chenye mwanga hafifu, maana kipimo usichoweza kukisoma hakikusaidii chochote.

Jambo la tatu lilikuwa kutua, na hapo mkufunzi alirudia maneno yake mara nyingi. Usiku jicho hukosa vitu linavyovitumia mchana kupima umbali: majani, mawe, vivuli, kona za majengo. Ardhi huonekana kama iko mbali kumbe iko karibu, au kinyume chake, na mrukaji anayeikodolea macho chini ya miguu yake huvuta breki za mwavuli kwa wakati usiofaa. Alitwambia tutazame mbele kwenye upeo, tuzitegemee taa zilizopangwa uwanjani kuonyesha mwelekeo wa kutua, na miguu tuiweke pamoja, magoti yakiwa yamelegea, tukiwa tayari kuviringika.

Tuliruka mmoja mmoja, tukiachiana nafasi ya kutosha. Nilipotoka mlangoni, jambo la kwanza lililonigusa lilikuwa ukimya wa macho, kwani mchana unapoanguka unaona ndege ikiondoka, mawingu, mashamba na wenzako, na usiku ule niliona taa za miji zikiwa zimetawanyika mbali na giza zito kati yake. Mwili ulikuwa unajua la kufanya. Nilihesabu, nikasoma kipimo, nikafungua mahali palepale nilipopanga, kisha nikainua kichwa na kuukagua mwavuli kwa tochi ndogo, kwa sababu gizani hisia ya kwamba umefunguka vizuri haitoshi, lazima uuone. Hapo nikaitambua taa ya mwenzangu ikizunguka juu yangu. Kutua kulikuwa laini. Baadaye usiku uleule tulipanda tena, na mara hii ya pili niliweza kutulia na kufurahia mwangaza wa mwezi juu ya kitambaa cha mwavuli.

Mtihani tuliufanya baadaye mbele ya mshauri wa usalama na mafunzo wa uwanja. Si mtihani wa kukariri. Unadai ujue sheria za mawingu na mwonekano, mwinuko wa chini unaoruhusiwa kufungulia, taratibu za dharura, na mambo mengi ambayo mrukaji wa D ataulizwa na wanafunzi, kwa kuwa leseni hiyo inaweza kumfungulia njia ya kuwa mkufunzi anayeruka na abiria kifuani pake. Tulijisomea pamoja, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na sote tulifaulu.

Kilichobaki kilikuwa daftari, na hapa ningependa anayejiandaa asome kwa makini, kwa sababu nimeona maombi ya watu wenye uwezo mkubwa yakichelewa kwa ajili ya jambo hili. Kila mruko unaotaka uhesabiwe kwenye leseni lazima uandikwe kwa mwandiko unaosomeka na kwa mfuatano wa tarehe, ukionyesha namba ya mruko, mahali, mwinuko wa kutokea, muda wa kuanguka huru, aina ya mruko, umbali kutoka kwenye shabaha na vifaa vilivyotumika, na uwe na saini ya mrukaji mwenye leseni, rubani au mtu mwingine anayetambuliwa aliyeushuhudia. Tulijumlisha muda mwishoni mwa kila ukurasa kwa kalamu ya rangi tofauti, tukabadilishana madaftari, kila mmoja akahakiki hesabu za mwenzake. Hiyo ndiyo njia ninayompendekezea kila mtu. Anayehakiki daftari lake mwenyewe husoma kile anachodhani aliandika.

Tulizitia fomu zetu mbili katika bahasha moja na kuzipeleka makao makuu ya chama, Fredericksburg, Virginia. Kufikia wakati huo ile elfu kamili ilikuwa imekwisha kupita, na aliyeipata hakuwa wa uwanja wetu. Tulimpongeza kwa dhati tulipoona jina lake jaridani, na jioni hiyo watu walikaa muda mrefu wakikumbushana walipewa namba zao lini, nani alimfundisha nani, na ni mzee gani wa uwanja mwenye D ya tarakimu chache kuliko wote.

Kadi zetu zilipofika, namba zilikuwa zinafuatana. Yeye alitangulia kwa moja. Nilimpigia simu nikiwa bado nimeishika bahasha, naye alikuwa tayari ameibandika picha ya kadi yake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Sitazitaja namba zenyewe, kwa kuwa ni zetu wawili, lakini nakiri kwamba nilifurahi kuliko ambavyo ningeifurahia ile elfu, na wa kwanza niliowafikiria walikuwa Sanborn na Istel, washirika wawili waliokaa bega kwa bega mwanzoni kabisa mwa safu.

Sasa tumelenga beji ya saa 12 za kuanguka huru na nishani ya mabawa ya dhahabu ya miruko 1,000. Mwenzangu amerudi kwenye miavuli yake ya kuunganishwa, kwa hiyo mabawa atayafikia yeye kwanza, na beji ya saa nitaitangulia mimi. Tumekubaliana kwamba mara hii kila mmoja apeleke maombi yake anapokuwa tayari, na madaftari tutaendelea kuhakikiana.