Kilwa Kisiwani: tumbo limalizie Masoko

Magofu ya Kilwa Kisiwani yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, ila usitarajie mgahawa getini kama makumbusho za mjini. Habari ya chakula inamalizwa asubuhi Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo, bara, unakopandia chombo cha kwenda kisiwani, wakati unafuatilia kibali na mtembeza wageni.

Kunywa chai nzito kwa mama lishe: chapati mbili na maharage, au supu ya samaki. Vitumbua peke yake havikufikishi mbali. Hapohapo agiza cha mchana, wali wa nazi na samaki, na uache hela kidogo ya kutangulia. Ukirudi saa tisa bila kuagiza, utakuta masufuria yanaoshwa. Mwezi wa Ramadhani agiza mahali unapolala, maana mchana wengi hawapiki.

Wali huo wa nazi usiubebe. Ukifungwa wa moto kwenye hotpoti, mvuke unageuka maji ndani ya mfuniko, unadondokea wali, na kwa joto la pwani mchana umeshachacha. Chukua ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha: haina mafuta wala mchuzi, ganda lake jembamba unalimenya kwa vidole, na kwa chumvi na pilipili inatosha kabisa. Isipopatikana, mihogo au mayai ya kuchemsha, na korosho za kuchoma. Maji lita 2 kila mtu; dafu ukilipata kijijini ni bahati, usilipangie.

Muulize nahodha habari ya maji kupwa na kujaa kabla hujafunga mfuko. Yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita kawaida, chombo hakifiki ufukoni. Unateremka na kutembea majini, kwa hiyo chakula kikae juu, begani. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa tanga, safari ya kwenda ndiyo ndefu, maana mnakwenda kwa kubisha, mkipindapinda dhidi ya upepo.

Tazama kwanza Gereza, yaani ngome ya zamani, na Msikiti Mkuu, kisha ule kivulini chini ya mti, kabla ya kuifuata Husuni Kubwa, magofu ya kasri, zaidi ya kilomita moja juani. Ndani ya msikiti usile: ni msikiti, na mafuta ya chapati yakiingia kwenye chokaa ya zamani hayatoki. Hata lile birika la pande nane la Husuni, linalovutia watu kukaa ukingoni na vyombo vyao, liache. Maganda na chupa vinarudi Masoko na wewe.