Siku moja maishani mwangu: mpishi asiyeonja

Saa 11 alfajiri natoka Mbagala. Jumapili barabara huwa nyeupe, daladala inakimbia, na kabla ya saa 12 na nusu nishafika Upanga, nimevua viatu mlangoni na kunawa mikono mpaka viwiko. Viatu haviingii jikoni kwetu. Nyama haiingii, samaki haingii, hata yai. Ukinikuta nanuka dagaa, ujue jana nilikuwa mapumziko.

Watu wakisikia napika kwa Wahindi huuliza mambo mawili: mshahara, na kama tumbo langu halijaungua kwa pilipili. La mshahara nalinyamazia. La pilipili nacheka, kwa sababu hawa ni Wagujarati, na dali yao, mchuzi wa jamii ya kunde, inatiwa sukari guru. Biriani na kuku wa tikka mnaowajua ni mambo ya hoteli. Nyumbani mtu akichoka, akiumwa, au akirudi safari, anachotaka ni kichdi: mchele na choroko zilizopasuliwa, zimepikwa pamoja na manjano mpaka zikalainika kama uji mzito, samli juu, na pembeni bakuli la kadhi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Leo amekuja mdogo wa tajiri yangu kutoka Leicester, Uingereza. Kakaa huko miaka mingi, na alipopiga simu kusema anakuja hakuomba sambusa wala peremende. Aliomba kichdi.

Saa 1 mpaka saa 4 ni chai ya maziwa, thepla (chapati nyembamba) za majani ya uwatu, vyombo, na safari ya Soko la Kisutu. Hakuna la kusimulia hapo zaidi ya muuza bamia aliyetaka kunibambika za juzi.

Saa 4 ndipo kazi inaanza, na ndipo niwaambie kitu ambacho hata shemeji zangu hawakiamini: mimi sionji. Chakula cha nyumba hii kinatangulia kwa Mungu wao. Ba (ndivyo wanavyomwita bibi, na mimi namwita hivyo hivyo) huchota kidogo cha kila sufuria, akakipeleka kwenye kijumba cha ibada, akawasha taa ya samli na kuomba. Kabla ya hapo ulimi wa mtu haugusi. Mwezi wangu wa kwanza, miaka 16 iliyopita, nilijua nitafukuzwa kwa ajili ya chumvi. Kilichoniokoa ni Ramadhani. Nimekua nikimwona mama akipika futari akiwa amefunga, na chumvi inakaa mahali pake. Ba naye akanifundisha kuinamia sufuria: "Utaisikia puani, mwanangu." Kweli naisikia. Mchuzi uliokolea una harufu nzito. Usiokolea unanuka kama maji ya kunawia.

Ba kazaliwa Lindi, mimi wa Masasi, kwa hiyo tuna lugha yetu. Baba yangu alilima mbaazi. Mwaka 2017 India ilipobana mbaazi za kutoka nje, magunia yalibaki ndani hayana mnunuzi, na tulizila mpaka tukazichukia. Leo nanunua dali ya tuvari dukani, ya njano, safi, imekobolewa na kupasuliwa, na ni mbaazi hizo hizo. Nazipika kwenye presha kuka, zikishaiva nazipondaponda, naweka manjano, nyanya, tangawizi, karanga, ukwaju na sukari guru. Halafu vaghar, yaani kuunga kwa viungo kwenye samli ya moto. Samli ikichemka natupa haradali, zikianza kurukaruka nafuatisha jira, uwatu, pilipili kavu na mvuje punje kidogo tu, kisha vyote shaa! ndani ya dali. Ukichelewa kidogo uwatu unaungua na sufuria nzima inakuwa chungu. Ukiwahi, kwa harufu tu hata mtu wa jirani anajua dali imekamilika.

Tulikubaliana watu 14, saa 1 usiku. Viazi vya haradali tayari, bilinganya za kuchoma tayari, mtindi wa shrikhand, kitamutamu chao, nishauchuja kwa kitambaa tangu jana, iliki na zafarani zimo. Saa 10 nikakaa kwenye kindoo changu nikasema leo nimeiweza.

Saa 11 kasoro kengele ikalia. Rafiki wa mama mwenye nyumba, kawahi, tena kaja na wenzake wanne. Mama akaingia jikoni uso umemshuka.

"Yeye ni Jain, wa ile dini isiyotaka kudhuru kiumbe hai. Anakula kabla jua halijazama."

Sawa, nikasema, nimpakulie sasa. Yule mgeni akawa keshasimama mlangoni.

"Viazi hapana," akasema kwa upole. "Chochote kinachochimbwa chini."

"Bilinganya?"

"Lina mbegu nyingi mno."

"Dali je, mama?"

"Ina tangawizi mbichi?"

Ilikuwa nayo. Nikaangalia dirishani. Mwezi wa nane jua la Dar linazama saa 12 na dakika ishirini na kitu, najua kwa sababu ndiyo magharibi yangu mimi pia. Basi nikaanza upya. Mbaazi kikombe kimoja, tangawizi ya unga badala ya mbichi, maana ikishakauka anaila. Ndizi mbichi badala ya viazi: namenya, nakata, maji ya manjano, haradali, mvuje uchukue nafasi ya kitunguu saumu. Gesi ikaisha katikati. Mtungi wa akiba uko chini na lifti ya jengo ina wiki mbili haifanyi kazi. Nikaubeba begani ghorofa tatu, narudi nakuta mgeni anamuuliza Ba kama sufuria hii iliwahi kupikiwa vitunguu. Nikaosha sufuria. Nikaanza tena. Sikusema neno, ila kifuniko nilikiweka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Adhana ya msikiti wa jirani ilipoanza, alikuwa anamalizia tonge la mwisho. Sahani ilirudi jikoni imepanguswa. Nikatandika mkeka stoo, nikaswali, goti langu la kushoto likagoma kunyanyuka.

Halafu rotli. Hapa sitazami saa tena. Rotli ya Kigujarati ni nyembamba kuliko chapati yetu, haina mafuta ndani, na haipikwi ikawekwa. Donge kama ndimu, sukuma, kwenye tawa upande huu, upande huu, kisha moja kwa moja juu ya moto mpaka ivimbe kama puto. Unaipaka samli, inakimbizwa mezani ya moto, na wewe unasukuma nyingine. Watu wamezidi wale 14. Nilihesabu mpaka 60 nikaacha. Mtoto mmoja alirudisha mbili kwa sababu hazikuvimba sawasawa, na alikuwa na haki.

Mgeni wa Leicester hakugusa viazi wala bilinganya. Alikula kichdi kwa vidole, kimya, akaomba tena, akaomba tena, halafu akaja jikoni kunishika mkono ule ule wenye unga.

Nilifika Mbagala saa 4 usiku na hotpoti ya mabaki. Watoto wamelala. Mke wangu akafungua, ndani ndizi za yule mgeni Jain. Akachota, akatafuna taratibu, akaniangalia.

"Baba, hizi umetia chumvi?"

Nikaonja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sikutia.